Kikombe cha Longchamp

Mogaka, mpelelezi wa kujitegemea, hakuumbwa kukaa. Hata ndani ya chumba cha mahojiano cha jela, ambako viti vimefungwa sakafuni kwa bolti ili mtu asimrushie mwenzake, alikalia ukingo tu, goti likicheza chini ya meza kama la mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitalini. Mbele yake, ndani ya nguo za wafungwa zisizomfika vifundo vya miguu, aliketi Lévi, ametulia kama aliyekuja ibadani.

"Ndugu yangu, nisikize vizuri," Mogaka alianza. "Leo alasiri hakimu atakuuliza kama uliiba kile kikombe. Ukisema ndiyo, unalala kwako leo. Wakili amekuambia hivyo na hajakudanganya. Lakini amekuambia la pili?"

"Aliniambia."

"Nirudie nisikie."

"Ati naweza kurudishwa Congo."

"Basi mimi nakuambia usiweke hiyo 'naweza' mbele sana. Mtu mwenye makaratasi kama yako akikiri wizi, watu wa uhamiaji wanakuja na gari lao. Rosette anabaki na watoto. Wewe unashushwa Kinshasa, mji ambao hujawahi hata kuuona."

Lévi alitazama viganja vyake. Vilikuwa viganja vikubwa vya mtu wa Baraka, mashariki ya Congo, aliyeishi kambi ya wakimbizi miaka mingi, kisha akaja Texas kubeba wazee kutoka kitandani hadi kitini.

"Papa Mogaka, mi naisha kuamua. Nitakubali. Biishe."

"Sijakuuliza kama utakubali. Nimekuuliza kama uliiba."

Lévi aliendelea kutazama viganja.

"Kikombe kiko wapi?"

Mogaka alihisi hasira ikimpanda. Alikuwa amewahoji matapeli wa bima Nairobi, watu waliochoma maduka yao kwa mikono yao, nao walijitahidi angalau kumdanganya. Huyu hakumpa hata uongo wa kushika. Akaona amchokoze kwa methali.

"Mficha uchi hazai, Lévi."

Lévi aliinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Uchi haiko yangu," alisema.

Papo hapo akafumba midomo, akamwita askari arudishwe selo. Mogaka alibaki anautazama mlango. Lile lilikuwa neno la kwanza la maana alilolipata katika kesi nzima, na mwenyewe alilitoa kwa bahati mbaya.

Kesi yenyewe, kwa polisi, ilikuwa imekwisha siku ilipoanza. Huko Cedar Hill kulikuwa na mzee mmoja, Bwana Tolliver, mfugaji wa farasi aliyestaafu, aliyepooza upande wa kushoto. Lévi ndiye aliyekuwa mlezi wake, amsafishaye, amlishaye na kumtembeza. Kwenye rafu iliyo juu ya meko ya sebuleni kwa mzee kulikuwa na kikombe cha fedha cha mbio kubwa ya farasi ya Ufaransa. Mzee alisema alipewa na tajiri wa Paris alipokuwa askari kijana huko, kwa kumwokoa farasi wake mgonjwa. Binti yake, Dana, alikuwa amemwalika mtaalamu kutoka Houston aje kukithamini. Kabla mtaalamu hajafika, kikombe kikatoweka. Hakuna kufuli lililovunjwa wala dirisha lililoguswa.

Mogaka naye alikuwa amepoteza siku mbili akimfukuzia fundi wa bwawa la kuogelea, jamaa aliyewahi kufungwa kwa wizi wa vyombo vya fedha. Alimfuata hadi kwa dada yake Carrollton, akadhani amempata, akaanza hata kutunga maneno atakayomwambia wakili. Kumbe wiki ile fundi alikuwa Oklahoma, hospitalini, nyonga ikibadilishwa. Alimwonyesha mshono. Mogaka aliendesha gari kurudi ofisini kwake Irving akijitukana njia nzima kwa Kikisii, lugha aliyoiona inafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Tena kulikuwa na ile picha. Ndiyo hasa iliyomtia Lévi pingu.

Nje ya jela, Rosette, mke wa Lévi, alikuwa anamngoja ndani ya gari, bado na fulana ya ghala analofanyia kazi karibu na uwanja wa ndege. Alishusha kioo kabla Mogaka hajafika.

"Alisema?"

"Amesema neno moja tu, Mama Orpa. Nionyeshe ile picha. Si ile ya polisi. Ile yenyewe, iliyo kwenye simu yako."

Rosette aliona aibu kuitoa. Picha ilimwonyesha Lévi sebuleni kwa mzee, amevaa suti yake ya kanisani, amekikumbatia kikombe kifuani kama aliyekishinda yeye. Alikuwa ameiweka kwenye status ya WhatsApp, ili ndugu zake walioko kambini Nyarugusu waione, na chini yake akaandika: Mungu hamwachi mtu wake. Nani kati yetu hajafanya hivyo? Tumesimama kando ya magari ya majirani, tumeegemea milango ya nyumba tunazosafisha, tukapeleka picha nyumbani, na nyumbani wakasherehekea. Ila Lévi alisahau kwamba msimamizi wa shirika la walezi naye ana namba yake. Kikombe kilipopotea, msimamizi aliipiga picha ile picha kwa simu nyingine, akampelekea Dana, na Dana akawapelekea polisi. Ya polisi ilikuwa na ukungu. Ya Rosette ilikuwa safi kabisa.

Mogaka aliikuza kwa vidole viwili. Mambo mawili yakamjia.

La kwanza, rafu ya kikombe ilionekana nyuma ya Lévi, tupu, na ilikuwa juu ya kichwa chake. Juu ya kichwa cha Lévi, mtu anayeinama akipita mlangoni! La pili, maandishi yaliyochongwa kwenye fedha yalisomeka yote: jina la mbio, Prix de l'Arc de Triomphe, kisha Longchamp, kisha 1943.

"Nirushie," alisema. Hapo hapo, akizunguka gari la Rosette kama mbwa anayetafuta pa kulala, akampigia simu yule mtaalamu wa Houston.

Mtaalamu aliitwa Kethia. Wazazi wake walitoka Bukavu, yeye akakulia Paris, sasa alikuwa mthamini katika nyumba ya minada. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, kimechanganyika na mengine.

"Papa, mimi Dana alinitumia photo ya mbali tu. Kikombe, meko, basi. Ndiyo maana nilisema nitakuja mwenyewe."

"Sasa nimekutumia ya karibu. Nisomee."

Aliisoma kwa mnong'ono. Halafu Kethia akacheka, akajizuia, akacheka tena.

"Pardon. Iko mtu jela, sipaswi kucheka."

"Cheka tu, lakini unieleze."

"Alors. Hii mbio ilianza baada ya vita ya kwanza, mwaka wa ishirini. Walitaka kusherehekea ushindi. Jumapili ya kwanza ya Oktoba, farasi bora wa Ulaya wote, pale Longchamp, upande wa magharibi ya Paris. Watu wanafikiri haijahama hata siku moja. Lakini imehama. Juzijuzi hapa, walipokuwa wanajenga Longchamp upya, ilikimbiwa Chantilly miaka miwili. Na wakati wa vita ya pili, mwaka wa thelathini na tisa na wa arobaini haikukimbiwa kabisa. Arobaini na tatu, mwezi wa nne, mabomu yakaangukia Longchamp watu wakiwa mbioni. Oktoba ya mwaka ule walikimbia Le Tremblay, upande ule mwingine wa mji. Hata umbali ulipunguzwa. Arobaini na nne pia."

"Kwa hivyo Longchamp, arobaini na tatu..."

"Haiko. Hakuna mbio kama hiyo."

Mogaka hakupenda jibu linalokuja rahisi. "Labda mchongaji aliandika Longchamp kwa mazoea. Miaka yote ni Longchamp, mkono ukazoea."

"Papa, wewe ungeoa kanisa moja, halafu watu wakuletee zawadi ya harusi imeandikwa kanisa lingine, ungeipokea? Mwenye farasi alisimama Le Tremblay siku ile. Angekirudisha saa ile ile."

"Wewe ungekuja, ungeliona hilo?"

"Kabla sijavua koti."

Mogaka alikata simu, akasimama tuli. Rosette, aliyekuwa ameshamzoea katika siku hizi chache, alishtuka kuliko kama angepiga kelele.

Mwizi haibi kitu kwa kuogopa mthamini. Mwizi hajui kama mthamini yuko duniani. Aliyeogopa Houston ni mmoja tu: yule aliyeisimulia hadithi ya tajiri wa Paris miaka yote. Polisi hawakumtazama hata mara moja, kwa sababu hawezi kusimama, na rafu iko juu. Basi kuna aliyemshushia. Na mle ndani, mchana, anayefika juu kule bila ngazi alikuwa mmoja. Uchi haiko yangu. Njia ya mwongo ni fupi, ila safari hii aliyekuwa anaelekea kuanguka mwishoni mwake hakuwa mwongo.

"Mama Orpa, nenda mahakamani. Ukifanikiwa kumwona Lévi kabla ya hakimu, mwambie avute muda. Aombe maji, aombe choo, aombe sala, lolote."

"Na weye?"

"Nakwenda Cedar Hill."

Dana alimfungulia mlango akiwa na uso wa mtu asiyelala vizuri. Alikuwa mwalimu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mpole, na upole huo ndio uliomfanya Mogaka ashindwe kumchukia kwa kuita polisi. Walizungumza Kiingereza.

"Kama umekuja kuniomba nifute mashtaka, nimeshasema. Nilimpenda Lévi. Ndiyo maana inauma."

"Nimekuja na swali dogo. Baba yako alikuwa anatoka naye?"

"Kila wiki. Walikwenda ziwani, Joe Pool, wakae gatini wawatazame bata. Baba aliishi kwa ajili ya siku ile." Alifuta macho kwa kiganja. "Sasa hataki hata kusikia jina la ziwa. Walezi watatu wamekuja baada ya Lévi, wote amewafukuza. Haogi. Hataki mtu amguse."

"Naweza kumwona peke yangu?"

Mzee Tolliver alikuwa kitini dirishani, na harufu ya chumba ilithibitisha maneno ya binti yake. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea, lakini jicho la upande mzima lilikuwa kali.

"Wewe ndiye mpelelezi."

"Ndiye, Mzee. Nimezungumza na mtaalamu wa Houston asubuhi hii. Amenisomesha historia." Mogaka alianza kutembea, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. "Unajua mbio za elfu moja mia tisa arobaini na tatu zilikimbiwa wapi?"

"Longchamp."

"Le Tremblay. Longchamp ilikuwa imepigwa mabomu."

Mzee alilitamka neno lile polepole, kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inamtii. "Le Tremblay." Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Mogaka hakujua kama ni kicheko au kilio mpaka alipoona shavu limelowa.

"Nilikinunua sokoni Paris, kitupu bila maandishi, kama bakuli la supu. Nikakipeleka Fort Worth kwa mchongaji. Mwaka wa vita niliuchagua makusudi. Nilidhani vita vimefuta kila kitu, hakuna atakayekumbuka."

"Vita ndivyo vilivyokumbukwa."

"Mke wangu alikufa akiiamini hadithi ile. Dana amewafundisha watoto wangapi darasani kwa hadithi ile?" Aligeukia dirisha. "Alipotaja Houston, nilimwambia Lévi anishushie. Tukaenda ziwani. Nikamwambia kitupe, na kwa nini."

"Akasema nini?"

"Alikitupa mbali sana, ana mkono yule. Kisha akanifunika blanketi, akasema baridi imeanza, turudi."

Mogaka alisimama. Kikombe kilikuwa chini ya ziwa. Hakukuwa na kithibitisho duniani isipokuwa mdomo huu, uliopinda nusu.

"Walipomfunga pingu ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa hapa. Kila asubuhi nilisema nitasema kesho."

"Kesho imekwisha, Mzee. Alasiri hii anakiri wizi. Akikiri, anarudishwa alikokimbia."

"Kwa nini hasemi? Mimi si baba yake!"

"Wewe umemvulia nguo kila siku, naye amekuosha. Kwao, na kwetu pia, aliyeuona uchi wa mzee hausimulii. Umempa siri yako, ameiweka pamoja na hayo mengine. Atakwenda nayo mpaka Kinshasa."

Mzee alifumba jicho lake zima. Bata wa ziwa, mchongaji wa Fort Worth, mke aliyekufa, sijui alimwona nani mle gizani. Alipolifumbua alipaza sauti, "Dana!"

Alimwambia yote, mbele ya Mogaka, bila kupamba. Dana alisikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango. Hakulia wala hakumfokea. Alisema tu, "Nilimwita polisi, Baba. Nilimwita kwa mkono wangu huu," kisha akachukua simu.

Wakili wa Lévi hakufurahishwa na simu. Neno la simuni halifai kitu, alisema. Mwendesha mashtaka atataka kumwona mlalamikaji na mzee kwa macho yake, na jina la Lévi lilikuwa karibu kuitwa. Waje sasa hivi.

Dana akaenda kuwasha gari lao lenye lifti ya kupakia kiti cha magurudumu. Mzee alijitazama, pajama zenye madoa ya wiki nzima.

"Siendi mahakamani hivi," alisema. "Na binti yangu hanivui."

Alikuwa anamtazama Mogaka.

Sasa ndipo mpelelezi wetu alipotaka ardhi impasuke. Kwao Nyamira, mwana haoni mwili wa mtu wa umri wa baba yake. Hata kukaa kitandani kwake ni aibu inayohitaji maelezo. Alikuwa ndiyo kwanza amemhubiria mzee juu ya jambo hilo, na lilikuwa limemgeukia. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa. Alimpigia mkewe, Chebet, muuguzi, aliyekuwa zamu.

"Chebet, mtu amepooza kushoto, unamvisha shati aje?"

"Uko wapi wewe?"

"Nijibu kwanza!"

"Mkono mgonjwa ndio unatangulia kuingia. Kuvua, mzima ndio unatangulia kutoka. Na umwambie kila kitu before ufanye, usimshike tu kama gunia. Mogaka, kwani ni nani..."

"Nitakuambia."

Alileta beseni na kitambaa. "Mzee, nakuvua mkono wa kulia," alisema. Alimfuta shingo, kwapa, mgongo uliojaa madoa ya uzee. Goti lililokuwa halitulii tangu asubuhi lilikuwa limepigwa sakafuni, limetulia. Alifunga vifungo, akavikosea, akavifungua, akafunga tena.

Barabara ya kwenda mjini ilikuwa na foleni, na Mogaka aliikanyaga breki isiyokuwepo upande wake wa gari mara nyingi hadi Dana akamwomba aache. Rosette alituma ujumbe: ameomba maji. Kisha: ameomba choo. Kisha hakutuma tena.

Walipousukuma mlango wa mahakama, Lévi alikuwa amesimama mbele ya hakimu, mkalimani kando yake, na hakimu alikuwa katikati ya swali.

"Bado hajajibu," Rosette alimnong'oneza Mogaka, kucha zake zikimwingia mkononi.

Wakili aliinuka, akaomba dakika. Mwendesha mashtaka alitazama saa, akamtazama Dana, akamtazama mzee. Ingetosha kabisa wazungumze pembeni, korido, watu wanne tu. Wakili alimwinamia mzee akamwambia hivyo. Mzee alitikisa kichwa.

"Nilidanganya mbele za watu," alisema kwa sauti iliyovuka ukumbi. "Kikombe ni cha uongo. Kijana huyu hakuiba. Nilimwagiza akitupe ziwani kwa sababu niliona aibu."

Lévi alipoisikia sauti ile ya kwanza tu, kabla haijafika neno la pili, aligeuka. Aligeuka akawapa wote mgongo, pingu zikilia, akaelekeza uso ukutani. Askari alimsogelea. Mzee aliendelea: soko la Paris, mchongaji, mke wake, hadithi yote, na mgongo ule mpana haukutikisika.

"Anamchukia," Dana alinong'ona, machozi sasa yakimtiririka. "Hawezi hata kumtazama."

"Hapana, Mama," Rosette alimjibu kwa Kiingereza chake kidogo. "Anamufunika."

Mwendesha mashtaka alizungumza na Dana kwa muda mfupi, kisha akamwambia hakimu kwamba serikali inaondoa mashtaka. Hakimu alimwambia Lévi, kupitia kwa mkalimani, kwamba yuko huru, na kama ana neno aseme.

Lévi hakugeuka. Aliuliza jambo, kwa sauti ya chini, akiusemesha ukuta. Mkalimani alisita, hakujua atafsiri vipi, akatazama huku na huku akitafuta msaada.

"Anasema nini?" hakimu aliuliza.

"Anauliza," alisema mkalimani, "kama mzee amemaliza."

Mogaka alimtazama mzee Tolliver, shati lake safi, jicho lake jekundu, na mzee akaitikia kwa kichwa.

"Amemaliza," Mogaka alisema kwa Kiswahili.

Ndipo Lévi akageuka.